Kusindika juisi ya zabibu nyumbani: maelekezo matatu yanayopingana, nifuate yapi?

Swali

Habari za wakati huu, ndugu wanajukwaa. Nina mizabibu inayozaa zabibu nyeusi zenye ganda nene na harufu kali, na msimu unapofika zote huiva karibu kwa pamoja, kiasi kwamba hata tukila, tukigawa na kukausha, nyingine huishia kuoza zikiwa bado mtini. Safari hii nimeamua kutengeneza juisi na kuisindika kwenye chupa za kioo, ili ikae kabatini kwa miezi kadhaa bila kuhitaji friji.

Tatizo langu si ukosefu wa maelekezo bali wingi wake. Ya kwanza yanasema nichemshe juisi, niimimine ikiwa moto ndani ya chupa, nifunge kifuniko, kisha nigeuze chupa kichwa chini hadi ipoe, na kazi imekwisha. Ya pili yanasema nisijisumbue kukamua chochote: nitie zabibu nzima na sukari ndani ya chupa, nijaze maji yanayochemka, nifunge, nichemshie chupa ndani ya sufuria ya maji, kisha niache zabibu zijitolee juisi zenyewe humo ndani kwa wiki kadhaa. Ya tatu yanasisitiza kwamba chakula chochote cha chupa ni hatari kisipopikwa katika sufuria ya presha, na yanaeleza habari za sumu inayoua bila kuonekana wala kunukia.

Naomba mwenye uzoefu anieleze ni yapi kati ya hayo yana msingi, na kwa sababu gani. Naomba pia kujua kama sukari ni ya lazima ili juisi isiharibike, na kwa nini juisi niliyowahi kuonja kwa jirani ilikuwa na punje zinazokwaruza kama mchanga chini ya chupa, ilhali yeye aliapa kwamba zabibu zilioshwa vizuri.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, maelekezo hayo yanapingana kwa sababu kila aliyeyaandika alikuwa akiogopa kitu tofauti. Vinavyoiharibu juisi ya zabibu ni chachu na ukungu, ambavyo tayari viko kwenye maganda tangu shambani. Kinachowatisha watu katika vyakula vya chupa ni kingine kabisa, yaani bakteria aitwaye *Clostridium botulinum*, ambaye spora zake, yaani viini vyake vigumu vya kuzaliana, huvumilia maji yanayochemka, na ambaye akipata mahali pasipo na hewa wala asidi ya kutosha hutengeneza ile sumu uliyoisoma. Bakteria huyo hawezi kukua panapo pH (kipimo cha ukali wa asidi, ambapo namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya 4.6 kwenda chini, na juisi ya zabibu kwa kawaida huwa kati ya 3 na 4. Maharage, nyama na mboga nyingi havina kinga hiyo, ndiyo maana huhitaji presha. Zabibu zinayo kwa maumbile yake. Kwa hiyo aliyekuandikia maelekezo ya tatu hakusema uongo kuhusu sumu, ila ameipeleka mahali isipohusika.

Kilichobaki ni chachu na ukungu, na hapo joto la maji yanayochemka linatosha. Jambo hili si geni hata kidogo: mwaka 1869 daktari wa meno Thomas Bramwell Welch, wa Vineland, New Jersey, Marekani, alitumia kanuni ya Louis Pasteur ya kupasha moto vinywaji ili kuua vijidudu, akapata juisi ya zabibu isiyogeuka divai, kwa ajili ya ushirika mtakatifu kanisani kwake. Unachotaka kufanya wewe ni hichohicho, kwa sufuria ya nyumbani.

Sasa kazi yenyewe. Kwa chupa saba za lita moja hivi, andaa zabibu kama kilo 11. Ukiwa na chache, kadiria zaidi kidogo ya kilo moja na nusu kwa kila chupa. Chagua zilizoiva vyema na zilizo imara, utupe zenye ukungu au zilizopasuka, uzioshe, kisha uzichambue kutoka kwenye vikonyo vyake, kwa kuwa vikonyo vikichemshwa hutoa ukakasi. Ziponde kwa mwiko au kifaa cha kupondea viazi. Usitumie blenda, maana husaga na mbegu, na mbegu zikisagika hutoa tanini chungu ambayo hakuna sukari itakayoificha. Kuhusu sufuria, tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka. Asidi ya zabibu hula alumini na shaba, nayo juisi huchukua ladha ya chuma na rangi yake hufifia.

Mimina maji yanayochemka juu ya zabibu zilizopondwa, kiasi cha kuzifunika tu, uziweke motoni, na zikianza kuchemka punguza moto uziache zitokote polepole kwa takriban dakika 10 hadi maganda yalainike. Hatua hii ndiyo inayoleta rangi, kwa sababu katika zabibu nyeusi nyingi nyama ya ndani ni nyeupe na wekundu wote uko kwenye ganda. Usiziache zichemke kwa fujo wala kwa muda mrefu kwa tamaa ya kupata rangi zaidi. Utakachopata ni harufu ya kitu kilichopikwa mno pamoja na pektini nyingi, yaani kile kitu cha asili cha tunda kinachogandisha jamu, ambayo huifanya juisi iwe nzito na yenye utusitusi. Chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili, ukiache kining'inie juu ya bakuli.

Baada ya hapo weka juisi ndani ya friji, imefunikwa, kwa saa 24 hadi 48, wala usiiguse. Hapa ndipo lilipo jibu la ule mchanga wa jirani yako, na ndipo wengi wanapokatisha kazi kwa haraka. Zabibu zina asidi ya tartariki, na sehemu ya asidi hiyo huungana na potasiamu ya tunda lenyewe kuwa chumvi ambayo huyeyuka vizuri katika juisi ya moto lakini haivumilii baridi. Juisi ikipoa, chumvi hiyo huganda kuwa fuwele ndogo, ngumu, zinazometa, nazo hutua chini. Hazina madhara yoyote. Zikisafishwa huwa ndio ule unga mweupe ambao waoka mikate hutia kwenye ute wa mayai ili povu lake lisimame. Usipozipa nafasi ya kuganda kwenye bakuli, zitaganda ndani ya chupa baadaye. Jirani yako hakusema uongo.

Muda ukitimia, mimina juisi ya juu taratibu kwenye chombo kingine na uache mashapo yote chini, hata kama itakubidi kupoteza kikombe kizima. Ukiipitisha tena kwenye karatasi ya kuchujia kahawa itatoka angavu zaidi, ingawa hupita kwa uvivu wa kuudhi. Kisha irudishe motoni, utie sukari ukipenda, ukoroge hadi iyeyuke, na mara tu juisi inapoanza kuchemka ijaze kwenye chupa zilizo moto, ukiacha nafasi tupu ya milimita 6 hivi kutoka ukingoni. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye unyevu, weka kifuniko, kaza pete yake kwa ncha za vidole bila kutumia nguvu, na uzitumbukize chupa kwenye sufuria kubwa ya maji moto ambayo chini yake umeweka kichanja, maji yazifunike na kuzidi juu yake kwa angalau sentimita 2.5. Kwa chupa za nusu lita na za lita moja muda ni dakika 5, zinazohesabiwa tangu maji yaanze kuchemka sawasawa na si tangu uzitumbukize. Kwa kuwa muda huo hautimizi dakika 10, chupa zenyewe lazima ziwe zimechemshwa tupu kwa dakika 10 kabla ya kujazwa. Ukimaliza zima moto, subiri kidogo, zitoe, uzisimamishe juu ya taulo zikiwa zimeachana, na usizishike hadi saa 12 au 24 zipite.

Jibu la pili

Mkuu hapo juu amemaliza sehemu kubwa, nami nitaongezea juu ya maelekezo mawili ambayo hakuyagusa.

Kugeuza chupa kichwa chini kuna mantiki inayovutia: juisi ya moto inagusa kifuniko na kuua kilichokuwepo. Lakini kinachoiweka juisi salama kwa miezi si kuuawa kwa vijidudu vya kwenye kifuniko peke yake, bali pia kubanwa kwa kifuniko na ombwe lililo chini yake. Chupa inapochemshwa ndani ya maji, hewa iliyobaki juu ya juisi hutanuka na kutoka pembeni mwa kifuniko. Ikipoa, kilichobaki hujikunja na kukivuta kifuniko chini kwa nguvu. Chupa iliyogeuzwa hupata kiasi kidogo tu cha mvuto huo, na mara nyingine juisi hupenya kati ya mpira wa kifuniko na kioo kabla haujashika. Utasikia kifuniko kikilia na kukaa sawa, utaamini kimefungika, kumbe kimeshikilia kidogo sana na ukungu utapata mlango baadaye.

Njia ya zabibu nzima ndani ya chupa inapendwa kwa wepesi wake, na sitawacheka wanaoitumia, lakini ina kasoro ambazo aliyekupa maelekezo hakuzitaja. Ule muda wa dakika 5 umewekwa kwa ajili ya juisi iliyochujwa ambayo ilikuwa inachemka ilipoingia kwenye chupa. Zabibu baridi hupoza maji uliyomimina, na joto hupenya polepole hadi katikati ya chupa iliyojaa vipande kuliko iliyojaa maji matupu, kwa hiyo huwezi kuuazima muda huo ukauhamishia huko. Zaidi ya hayo, unachopata mwishoni ni maji yenye ladha ya zabibu, yaliyotiwa sukari nyingi kufidia upungufu, pamoja na zabibu zilizochujuka ambazo hakuna anayetaka kuzila. Kwa mtu mwenye zabibu nyingi zinazomwozea, kama wewe, njia hiyo hata haipunguzi mzigo, kwa sababu kila chupa hubeba zabibu chache mno.

Kuhusu sukari, si ya lazima. Sukari huhifadhi jamu kwa sababu huwa nyingi kiasi cha kuwanyima vijidudu maji. Kiasi ambacho mtu anaweza kutia kwenye kinywaji na bado akakinywa hakifanyi kazi hiyo. Hapa wahifadhi ni asidi, joto na kifuniko. Mimi binafsi naona ni busara kusindika bila sukari kabisa na kila mtu akatia yake glasini, kwani zabibu zilizoiva vyema huwa na sukari yake ya kutosha, na juisi iliyotiwa sukari kabla ya kuonjwa ikiwa baridi mara nyingi hutoka tamu kupita kiasi.

Jambo la mwisho kwangu ni chupa. Tafuta za kioo kinene zilizotengenezwa kwa ajili ya kusindikia, zenye kifuniko bapa chenye utepe wa mpira na pete ya kukazia. Kifuniko bapa kitumie mara moja tu, kwa kuwa utepe wake ukishabonyea haubani tena vizuri. Pete zinaweza kurudiwa hadi zishike kutu. Chupa za kawaida zilizokuwa na vinywaji vya dukani hupasuka kwa mshituko wa joto, na usishangae ikipasuka ikiwa imejaa juisi inayochemka mbele ya tumbo lako.

Jibu la tatu

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa katika jambo dogo ambalo naona limepitwa upesi. Mwambieni muulizaji waziwazi asikamue kile kitambaa. Kila mtu anapokiona kimejaa na bado kinadondosha, mikono humwasha akibinye, na hapo ndipo pektini na nyuzinyuzi za nyama ya tunda hupita na kuifanya juisi iwe na utusitusi ambao hata siku mbili za friji haziuondoi wote. Akiona uchungu kupoteza, akamue mwishoni kwenye bakuli tofauti, na juisi hiyo ya pili ainywe siku hiyohiyo au atengenezee jamu, ambako pektini ni neema.

Kwa mwenye zabibu nyingi kila msimu ningependekeza pia sufuria ya mvuke ya kukamulia, ile yenye ngazi tatu: maji chini, chombo cha kupokea juisi katikati kikiwa na mrija wa kutolea, na kapu la matunda juu. Mvuke hupasua maganda, juisi hudondoka yenyewe ikiwa tayari imechujika na ina rangi nzuri, na huhitaji kuponda wala kuning'iniza chochote. Haikuondolei hatua ya friji, kwa maana fuwele ziko palepale, wala haikuondolei kuchemshia chupa, ingawa wauzaji wa vifaa hivyo hupenda kuonyesha mtu akifungulia mrija moja kwa moja kwenye chupa na kuiweka kabatini.

Machicha yanayobaki yanafaa kwa mboji. Usiyatupe mahali ambapo mbwa atayafikia: zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kumwua mbwa kwa kuharibu figo zake, na machicha yana maganda na nyama ya tunda ileile.

Muulizaji

Nawashukuru sana ndugu zangu, sasa naona njia. Nina maswali mawili yaliyosalia. Ninakoishi ni nyanda za juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka upesi kuliko ilivyoandikwa vitabuni. Je, zile dakika 5 zinatosha? La pili, watoto wangu wangependa nichanganye juisi hiyo na matunda mengine, hasa tikitimaji na papai, ambayo pia ninayo kwa wingi. Naweza kuchanganya kabla ya kusindika?

Jibu la kwanza

Dakika 5 hazikutoshi. Kadiri unavyopanda, shinikizo la hewa hupungua na maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Katika kimo chako huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maji yanayochemka kwako si ya moto kama yanayochemka pwani, na upungufu huo hulipwa kwa muda. Dakika 5 ni za mahali pasipozidi mita 300. Kutoka hapo hadi mita 1,800 hutumika dakika 10, na juu ya mita 1,800 hutumika 15. Ukiwa na chupa kubwa za karibu lita mbili, ongeza dakika 5 juu ya kila kipimo, yaani kwako ziwe 20. Faida yake kwako ni kwamba, kwa kuwa umevuka dakika 10, hulazimiki tena kuchemsha chupa tupu kabla ya kuzijaza. Inatosha zioshwe vizuri na ziwe moto.

Kuchanganya, hapana, au tuseme si kabla ya kusindika. Tikitimaji na papai vina asidi kidogo sana, na pH yao huwa juu ya ile 4.6 niliyoitaja. Ukivitia kwenye juisi ya zabibu unaidhoofisha ile kinga ambayo maelezo yetu yote yameegemea, na kwa jicho wala kwa ulimi huwezi kujua umeishusha kiasi gani. Hapo ndipo hofu ya maelekezo yako ya tatu inapata mahali pake pa haki. Sindika zabibu peke yake, kisha siku ya kunywa fungua chupa na uchanganye na matunda yoyote mabichi uyapendayo.

Chupa zikishapoa, bonyeza katikati ya kila kifuniko. Kikiwa kimezama na hakichezi, chupa imefungika. Vua pete, inua chupa kidogo kwa kushika kingo za kifuniko ili uhakikishe, ifute, uandike tarehe na kuiweka mahali penye giza na ubaridi, kwa sababu mwanga na joto hugeuza ule wekundu kuwa rangi ya kahawia hata kama juisi haijaharibika. Ubora wake hudumu vizuri kwa mwaka mmoja. Isiyofungika iweke kwenye friji na muinywe kwanza, au ndani ya saa 24 uibadilishie kifuniko, uchemshe juisi upya na kurudia muda wote kamili. Ukiamua kuigandisha badala yake, ihamishie kwenye chombo cha plastiki na uache nafasi ya kutosha juu, maana juisi ikiganda hutanuka.

Nayo chupa utakayoikuta kifuniko kimevimba, au inayotoa mapovu na kunuka pombe inapofunguliwa, au yenye ukungu juu, imwage yote. Usienguie ukungu na kunywa kilicho chini yake, kwa kuwa ukungu hula asidi, na palipokwisha asidi hujui tena ni nini kingine kimeota humo.